Farasi wa Selestine Anacheua

Saa moja asubuhi, kabla karasha, mashine za kusaga mawe ya dhahabu, hazijaanza kunguruma Rwamgasa, Selestine Kabadi anachomoa chuma chekundu kwenye makaa, anakilaza juu ya kipande cha reli na kukipiga nyundo nne. Anakigeuza. Nne nyingine. Kisha anachovya ncha yake kwenye ndoo ya maji, na mvuke unampanda mpaka kwenye ndevu.

Hiyo ni moko, patasi ya kuchongea mwamba. Mchimbaji mwenye moko butu ni sawa na mtu aliyeshuka duarani, yaani kwenye shimo la kuchimbia, kupunga upepo, na duarani hakuna upepo. Ndiyo maana kila asubuhi kibanda hiki cha mabati matano kinapata wageni wengi kuliko zahanati.

Lakini nusu ya wageni hao hawafuati chuma peke yake.

"Shikamoo, mzee Sele," anasema Boaz Mageni (33), msimamizi wa duara lililo nyuma ya soko. Kofia ya kazi iko kichwani, daftari kubwa liko kwapani.

"Marahaba. Umemaliza?"

"Nimebakiza kurasa sita. Nipe moko yangu, nitamalizia kesho."

"Kaa pale umalizie leo."

"Mzee, vijana wananisubiri!"

"Shija naye amezingirwa ngomeni na maji yamekwisha, anakusubiri wewe. Kaa."

Boaz anakaa juu ya gunia la mkaa. Anafungua daftari. Baada ya muda midomo yake inaanza kucheza, na vijana wake wanasahauliwa.

Hiyo ndiyo sheria ya kibanda hiki. Kitabu hakitoki bila moko kubaki. Unaacha chuma chako kinolewe, unaondoka na daftari. Ukirudisha daftari, unachukua chuma. Kwa kuwa mchimbaji hawezi kukaa siku nyingi bila moko, vitabu vya Selestine husomwa haraka kuliko magazeti, na katika miaka kumi na moja hajapoteza hata kimoja.

Vitabu vyenyewe ameviandika yeye. Vipo saba, vyote kwa kalamu ya bluu kwenye madaftari makubwa ya kaunta, na vyote ni habari za watu waliovaa deraya za chuma, wenye mikuki na ngao, wanaopanda farasi na kulinda nchi isiyokuwepo kwenye ramani yoyote. Nchi hiyo inaitwa Milimbo. Ina ngome juu ya majabali, ina majoka yanayotema majivu, ina malkia kipofu anayemtambua mwongo kwa harufu. Shujaa wake mkuu ni Shija wa Ngao Nyeusi, ambaye aliapa kutokulala chini ya paa mpaka mjane wa mwisho wa Milimbo apate la kwake.

Selestine ana miaka 53. Aliacha shule akiwa darasa la nne, huko Ushetu, kwa sababu ng'ombe walikuwa wengi na watoto wa kiume walikuwa wachache.

"Sikufukuzwa, wala sikuwa mjinga," anasema huku akisukuma kwa mguu gurudumu la baiskeli linalozungusha feni ya makaa. "Baba alihesabu watoto, akahesabu ng'ombe, akaona shule imezidi."

Kitabu kilichomharibu, kama anavyosema mke wake, alikipata porini akichunga. Katekista wa kijiji alikuwa nacho, akamwazima. Kilikuwa cha Kiswahili, hakina jalada, hakina kurasa za mwisho. Kilieleza habari za askari wa zamani wa nchi za mbali aliyevaa chuma mwili mzima, akapanda farasi kwenda kumkomboa ndugu yake. Picha ilikuwepo moja tu, na babu yake Selestine aliichana akasokotea tumbaku.

"Nilimlilia babu siku mbili. Akaniambia, kama unajua kusoma, basi unajua na walivyofanana. Nichoree. Sikujua kuchora. Lakini lile la mwisho wa hadithi, lile lililopotea, nikalimaliza mwenyewe kichwani. Nilimaliza mara nyingi sana. Ng'ombe wakaingia kwenye mahindi ya watu, nikachapwa."

Alipofika machimboni alianza kwa kubeba mawe, akashuka maduara, akavunjika kidole, akahamia kwenye uhunzi. Sasa ananoa moko moja kwa shilingi mia tano. Siku nzuri anapata elfu kumi na tano, mkaa haujatolewa. Watoto wanne wamesoma kwa nyundo hiyo.

Uhunzi ndio uliompa deraya. Mtu akisoma madaftari yake anaona mara moja kwamba mwandishi huyu anakijua chuma. Mapanga ya Milimbo hayang'ai ovyo. Yanapinda yakichovywa kwa kuchelewa, yanavunjika yakichovywa mapema, na mhunzi wa malkia huonja maji ya kuchovyea kabla ya kuanza kazi. Mashujaa wake hawatoki kwenye jua la saa saba wakiwa na chuma mwilini bila kitambaa cha maji ndani.

"Ukivaa chuma kwenye jua la mwezi wa tisa bila kitambaa, utaiva kama muhogo," anasema. "Hilo huhitaji kwenda Ulaya kulijua. Weka mkono hapa." Anaonyesha kipande cha bati lililokuwa juani. Hakuna anayeweka mkono.

Tatizo ni farasi.

Selestine hajawahi kumwona farasi hai. Kwenye vibanda vya video amewaona wakikimbia tu. "Farasi wa sinema hana muda wa kula," anasema. "Mtu anashuka, picha inakatwa. Unamwona tena, anakimbia." Kwa hiyo alipofika mahali pa kumpumzisha farasi wa Shija jioni ya kwanza, aliandika kile anachokijua mtoto yeyote wa Usukuma kuhusu mnyama mkubwa wa thamani anayekula majani. Farasi akapiga magoti ya mbele, akalala ubavu, akafumba macho nusu, akaanza kucheua.

Aliyemwambia kwamba amekosea ni Khairunisa Jashvant (41), mwenye duka la vifaa vya ofisi pale Runzewe, ambaye familia yake ina maduka mjini hapo tangu enzi za babu yake. Selestine alimpelekea daftari la kwanza amchapie kwenye kompyuta. Khairunisa alifika ukurasa wa tisa akasimama.

"Nikampigia simu palepale," anakumbuka Khairunisa. "Nikamwambia, mzee wangu, farasi hacheui. Akaniuliza, nani kasema? Nikamwambia, kila mtu. Akasema, mtaje mmoja."

"Si kuna punda huko kwenu Shinyanga?" alimwuliza. "Punda anacheua?"

"Punda hacheui," Selestine alijibu.

"Sasa farasi ni ndugu yake punda."

Kisha Selestine akasema maneno ambayo Khairunisa huyasimulia mpaka leo kila anapopata mteja wa kumsikiliza: "Mama, punda tunambebesha maji. Sikufikiri kwamba mfalme angempandisha shujaa wake juu ya ndugu ya punda."

Lakini alikuwa amechelewa. Farasi alishaingia maduarani.

Katika hadithi, Shija haendi vitani mpaka farasi wake amalize kucheua. Adui anapiga ngoma, wenzake wanapiga kelele, yeye amekaa kwenye jiwe anangoja. Mnyama anayecheua amekwisha kula na hana hofu, Shija anawaambia. Akiacha kucheua ghafla, kuna jambo. Wachimbaji wa Rwamgasa, ambao wengi wamekulia nyuma ya ng'ombe, hawakuona kosa lolote. Waliona busara. Siku hizi mtu akitaka kushuka kwa pupa baada ya mvua, kabla matimba yanayoshikilia kuta hayajakaguliwa, wenzake humwambia, "Acha farasi acheue kwanza."

Masika iliyopita, anasimulia Boaz, mvua ilinyesha siku tatu. Siku ya nne jua likatoka na watu saba wa duara lake wakataka kushuka. Mmoja akasema maneno hayo, kwa utani tu. Wakacheka, wakabandika chai. Chai haijachemka, ukuta wa mashariki ukashuka wote na magogo yake.

"Watu saba," anasema Boaz. Anavionyesha vidole vyake, vitano na viwili, halafu anavirudisha mfukoni. "Kwa sababu ya farasi wa huyu mzee."

Selestine hataki kusikia. "Ukuta ulianguka kwa sababu magogo yalioza," anasema. "Na nyinyi mlipona kwa sababu mnapenda chai. Msinifanye nabii, nina moko kumi na mbili za kunoa."

Barua kutoka kwa wachapishaji wa Mwanza ilikuja miezi mitatu iliyopita. Khairunisa ndiye aliyewatumia daftari la tano, bila kumwambia Selestine, kwa kuwa alijua angekataa. Walijibu kwamba mwandishi ana kipaji, na kwamba wangemtuma mtu kuzungumza naye ana kwa ana.

Aliyekuja ni Loveness, mhariri wa miaka 28, amevaa viatu vyeupe. Watu wa karibu na kibanda wanakumbuka viatu hivyo kwa sababu viliondoka vikiwa na rangi nyingine. Alisalimia vizuri, akakaa juu ya gunia la mkaa bila kupangusa, na Selestine anakiri kwamba hilo lilimpendeza.

Alikuja na mkataba wa shilingi milioni mbili. Alikuja pia na masharti mawili.

La kwanza, farasi arekebishwe popote atakapobaki. Selestine alikubali bila ubishi mrefu. Alishachoka kuchekwa na Khairunisa.

"Nitamfanya ale majani amesimama tu kama punda," alimwambia. "Haya, la pili?"

La pili lilikuwa zito. Loveness alilieleza taratibu, na hata sasa hakuna anayemlaumu, alitumwa. Wachapishaji hawakutaka Milimbo. Walitaka kitabu cha Selestine mwenyewe. Mhunzi wa machimboni, aliyeacha shule, aliyevunjika kidole, anayesimulia vumbi, ajali na njaa. Ngome na majoka yatoke. Wapanda farasi watoke.

"Baba, wasomaji wanataka ukweli wako," alisema Loveness. "Hawa wapanda farasi si wa kwetu."

Selestine aliweka nyundo chini. Waliokuwepo wanasema hilo ndilo lililowashtua, maana huyu mtu huongea akiwa anagonga.

"Mwanangu, wewe ni wa wapi?"

"Magu, baba."

"Basi unajua mwano."

"Najua." Mwano ni ukelele wa hatari; ukipigwa kijijini, kila mwanaume hutoka na alichonacho mkononi.

"Baba yangu alikuwa sungusungu Ushetu. Walikula kiapo pamoja. Mwano ukipigwa, hawaulizi umepigwa na nani. Walitoka na pinde na filimbi. Aliyevunja kiapo alitengwa, hata moto hapewi. Sasa unaniambia watu wa namna hiyo si wa kwetu? Hao ni baba zetu. Mimi nimewapa farasi tu."

Loveness alisema, kwa sauti ya chini, kwamba wakubwa wake wanaona habari za mateso ya wachimbaji zinauzika zaidi.

"Mateso yangu nayajua kwa kichwa," Selestine alisema. "Nikitaka kuyasoma natazama viganja vyangu. Mtu wa mjini akitunga habari za majoka, mnamwita mtunzi. Mimi nikitunga, mnaniambia rudi shimoni ukatueleze giza likoje. Hao manyani wanaoshuka humo," alisema akiwaonyesha wachimbaji, ambao wenyewe hujiita hivyo, "unadhani wanaacha moko zao hapa ili wasome habari za shimo?"

Loveness aliomba ruhusa, akasogea pembeni kupiga simu Mwanza. Alirudi na jibu la wakubwa: farasi anaweza kujadiliwa, Milimbo haiwezi. Wangempa wiki moja afikirie.

Wiki hiyo ilikuwa ngumu kuliko barua yenyewe. Nyumba ya Selestine ina bati upande mmoja na nyasi upande mwingine, na mke wake, Sesilia (49), alikuwa ameshahesabu mabati kwa macho.

"Nilimwambia, baba Juliana, waandikie hilo wanalotaka, halafu urudi kwa farasi zako," anasema Sesilia. "Shimo unalijua. Mwezi mmoja umemaliza. Akaniambia, nikiandika shimo sitatoka tena. Nikamwambia, basi mimi mvua ikinyesha nitaingia ngomeni kwa malkia kipofu."

Selestine anakiri kwamba alikaribia kusaini. Siku ya nne alichukua daftari la tano na kalamu nyekundu, akaanza na lile jepesi. Alikata mstari wa farasi kupiga magoti. Akakata wa kucheua. Alifika ukurasa wa ishirini na mbili, Boaz akaingia kuchukua moko.

"Unafanya nini, mzee?"

"Narekebisha. Farasi hacheui."

"Nani kasema?"

"Kila mtu. Ni kama punda."

Boaz alilichukua daftari akatazama mistari myekundu. Akatoka nje nalo. Muda si mrefu mlangoni palikuwa na watu zaidi ya ishirini, wengine wana matope mpaka kiunoni, na hakuna aliyeleta chuma.

"Mzee, farasi umemuuza?" mmoja aliuliza.

"Sijauza. Nimekosea, nasahihisha. Nyinyi mnataka nibaki na kosa?"

"Kosa liko wapi?" alisema Boaz. "Walioshuka duarani ni sisi. Sisi tumengoja farasi acheue, tukapona. Leo uje uniambie alikuwa amesimama tu kama punda? Huyo farasi si wako peke yako, mzee. Umeshatupatia."

Kijana mmoja kutoka nyuma akapaza sauti, "Na kama ni punda, mwambie Shija ashuke akateke maji!" Watu wakacheka mpaka Selestine naye akacheka, na alipomaliza kucheka, anasema, alikuwa ameshaamua.

Aliupeleka mkataba Runzewe yeye mwenyewe, kwa bodaboda, haujasainiwa, akamwomba Khairunisa aurudishe Mwanza. Khairunisa aliusoma, akauweka kwenye bahasha, akafunga bahasha kwa mate.

"Nikamwuliza, sasa vitabu?" anasema Khairunisa. "Akasema, wewe una mashine. Nikamwambia, mashine ninayo, sina mahali pa kuvishonea. Akasema, kushona niachie mimi."

Alikuwa na njia. Shemeji yake bado analima tumbaku Ushetu, na nyuzi za kushonea marobota ya tumbaku ni imara kuliko gundi yoyote ya dukani. Selestine alinoa moko moja nyembamba kuliko zote alizowahi kunoa. Anaweka karatasi za kitabu kwenye ubao, anagonga matundu matano ubavuni, anapitisha uzi, anakaza fundo kwa meno. Kitabu kimoja kinamchukua dakika kumi. Vinanukia tumbaku kidogo, na babu yake, anasema, hatimaye amelipa ile picha.

Nakala mia mbili za kwanza za "Wapanda Farasi wa Milimbo" zimeshatoka kwenye mashine ya Khairunisa. Themanini zimeshonwa. Zimeanza kuondoka kwa mikono: Runzewe, Kahama, na moja imeonekana kwa dereva wa lori aliyekuwa akielekea Tabora. Loveness naye alinunua mbili kwa pesa yake. Alituma ujumbe akisema moja ni ya baba yake Magu, ambaye naye aliwahi kuwa sungusungu, na kwamba mzee amesifu kila kitu ila anaona malkia ana kiburi.

Kwenye ukurasa wa kwanza, chini ya jina la kitabu, Selestine aliagiza mstari mmoja uchapwe. Khairunisa alijaribu kumshauri auache. Umechapwa: "Farasi wa Milimbo wanacheua. Wa kwenu, shauri yenu."

Si kwamba kila mtu amefurahi. Sesilia bado analala upande wa bati wakati wa mvua na kumwachia mumewe upande wa nyasi. "Mimi bado nataka mabati," anasema, akimwaga mkaa karibu na tanuri. "Vitabu vikiuzwa vyote, ninyamazishwe. Visipouzwa, nitasema mpaka Milimbo wasikie." Kisha anachukua nakala moja isiyoshonwa, anaisogeza mbali na cheche, na kuiwekea jiwe juu isipeperuke.

Selestine anapanga kupeleka madaftari mengine sita Runzewe, moja baada ya lingine. Msimu wa tumbaku ukifika anataka kwenda Ushetu na vitabu vyake, akavisome kwa sauti kwenye mabanda ya kukaushia, mahali ambapo watu hukaa siku nzima wakichambua majani na hawana la kusikiliza. La nane ameshalianza. Ndani yake adui wa Milimbo si joka. Ni mfalme mpole wa nchi jirani anayekuja na zawadi, na anataka kitu kimoja tu: mashujaa washuke kwenye farasi zao.

"Watashuka?" Boaz anauliza kutoka kwenye gunia la mkaa. Kurasa zake sita zimekwisha.

"Lete daftari. Chukua moko yako uende kazini."

Boaz anarudisha daftari, anachukua chuma chake, anakijaribu ncha kwa kidole gumba. Akiwa mlangoni anageuka. "Mzee, na farasi wa kweli? Hutaki kumwona hata siku moja?"

Anataka. Amesikia kwamba Dar es Salaam wapo, askari huwapanda. Mtoto wake wa kwanza anafanya kazi huko na amemwahidi kumpeleka. Selestine anasema siku hiyo akifika hatasumbua mtu. Atatafuta kivuli, atakaa mbele ya farasi, na kumtazama mdomo kuanzia asubuhi mpaka jioni.

"Na akiwa hacheui?"

Selestine anachomoa chuma kingine kwenye makaa, anakilaza juu ya reli na kuinua nyundo.

"Nitamwambia amekosea."